Mbuyu wa Bagamoyo na Ushahidi wa Mti Msimulizi

Katika ngano za pwani, sungura na fisi husema tangu zamani. Mti aghalabu husimama kimya, ukiwa kivuli cha watu au makao ya pepo. Kwa sababu hiyo yastahili kuangaliwa riwaya ya watoto iitwayo Wishtree, ya Katherine Applegate, iliyochapishwa Marekani mwaka 2017. Msimulizi wake ni mwaloni uitwao Red, wenye umri uliopita miaka 200, ambao watu huufungia vitambaa na karatasi zenye haja zao, kama mibuyu ya pwani inavyofungiwa vitambaa vya nadhiri. Karibu na mti huo akaa Samar, mtoto wa nyumba ya Kiislamu iliyohamia mtaani. Siku moja kijana mmoja achonga katika gome neno moja la kuwaamuru watu hao waondoke. Dhamira ya kitabu ni ugeni na ujirani. Lakini nguvu ya usimulizi yatokana na jambo hili, kwamba mti wamjua aliyeutia jeraha.

Bagamoyo nako uko mti wenye alama ya mkono wa mtu. Ni mbuyu ulio katika uwanja wa misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, uliopandwa mwaka 1868, misheni ilipoanzishwa. Shinani mwake umo mnyororo uliomezwa na gome, hata kilichobaki nje ni kadiri ya sentimita 30. Wengi waonapo chuma hicho, katika mji uliokuwa mwisho wa njia ya misafara, husema kwamba hapo ndipo walipofungwa watumwa. Mapokeo ya misheni ni mengine: mnyororo ulitiwa na bibi Mfaransa, Madame de Chevalier, aliyekuwa akiangalia zahanati Unguja, apate kumfungia punda wake.

Umri wa mti wayaunga mkono mapokeo hayo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na wakati huo mbuyu ulikuwa mche wa miaka mitano, usioweza kuzuia hata mbuzi mkaidi. Biashara yenyewe iliendelea kwa siri baadaye, na utumwa haukufutwa kisheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Lakini hayo hayaufanyi mti huu kuwa nguzo ya kufungia watu.

Si kwamba mbuyu hauna la kusema. Ulikua kando ya kijiji cha waliokombolewa utumwani, wakiwamo watoto waliotengwa na wazazi wao. Ulipitiwa na kimbunga cha mwaka 1872. Februari 1874 Chuma na Susi walifika misheni na mwili wa Livingstone, na mwaka 1888 na 1889 vita vya Abushiri bin Salim na Wadachi vilipiganwa karibu nao.

Basi mwandishi wa watoto atakayeupa mbuyu huo sauti hana haja ya kuuazima ushahidi wa uongo. Mtoto aliyeambiwa kuwa mnyororo ule ulifunga watumwa, kisha akasikia habari ya punda, aweza kuitilia shaka hata minyororo iliyowafunga watu kweli. Heri mti uanze kwa kumtaja punda, ndipo uwaeleze watoto wale wa kijijini, walivyofika na walikotoka.