Watunza Siri wa Nyanza, Waleta Mvua wa Bukunzi

Mnamo Novemba 1931 Wabelgiji walimng'oa Mwami Yuhi V Musinga katika kiti chake huko Nyanza, wakamhamishia Kamembe, kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, katika nchi ambayo wazee waliiita Kinyaga na ambayo sehemu yake leo ni Wilaya ya Rusizi. Kalinga, ngoma ya ufalme, haikwenda naye. Tarehe 16 ya mwezi huohuo mwanawe Rudahigwa akatangazwa mwami. Aliyemtangaza alikuwa Gavana Charles Voisin, na jina la kifalme la Mutara lilichaguliwa na Askofu Léon Classe. Abiru, watunza siri wa ikulu, ambao kazi hiyo ilikuwa yao tangu vizazi, waliwekwa kando.

Ukiitazama kwa jicho la ofisi, shughuli ilikwenda salama: mkubwa mmoja katoka, mwingine kaingia, na kodi inaendelea kukusanywa. Wabelgiji waliupenda ufalme wa Rwanda kwa sababu ulikuwa na ngazi za machifu zilizokwisha kupangwa. Walidhani wanaweza kuzichukua ngazi wakaziacha hadithi. Kumbe hadithi ndizo zilizokuwa zimeeleza nani apande, hadi wapi, na nani ana haki ya kumwambia ashuke.

Tuanze na Abiru wenyewe. Ubwiru ulikuwa mkusanyo wa maneno marefu ya kukariri, yaliyogawanywa katika njia, na kila njia ilikuwa na shughuli yake: kumtawaza mwami, kuonja mavuno ya kwanza, kunywesha mifugo ya kifalme, kukabili ukame, maradhi ya ng'ombe, hata kuhama kwa nyuki. Sehemu mbalimbali zilikabidhiwa koo mbalimbali, na si kila mwiru alijua yote. Walioshika maneno hayo walipewa ardhi ambayo machifu wa kawaida hawakuweza kuigusa. Aliyetoboa siri aliweza kulipa kwa roho yake. Tukiacha utakatifu wake kidogo, huu ulikuwa mwongozo wa kuendesha dola: nani afanye nini, siku gani, kwa vifaa gani, na likitokea lisilotarajiwa tufuate hatua zipi.

Ubwiru ulimfunga hata mwami. Majina ya kifalme yalikwenda kwa mzunguko, na kila jina lilikuja na kazi yake. Kigeli na Mibambwe walikuwa wafalme wa vita. Yuhi alikuwa wa moto wa ufalme, na mwiko ulimkataza kuvuka mto Nyabarongo. Mtu mwenye uwezo wa kuua kwa neno moja aliambiwa na watunzaji wa kumbukumbu kwamba mto ule si wako.

Wanahistoria wamekwisha kuyapekua masimulizi haya. Padri Alexis Kagame aliruhusiwa na Mutara III, yaani Rudahigwa, kuyaandika katika miaka ya 1940, na mwaka 1964 Marcel d'Hertefelt na André Coupez wakachapisha maandishi ya taratibu zenyewe. Jan Vansina, aliyekusanya simulizi nyingi nchini humo mwishoni mwa miaka ya 1950, alionyesha baadaye kwamba nasaba ndefu ya wafalme, kuanzia Gihanga na Kigwa aliyeshuka kutoka mbinguni, ilishonwa na kushonwa upya ili imfae anayetawala. Sioni sababu ya kubishana naye. Ila nasaba iliyotungwa nayo hufanya kazi. Bronisław Malinowski alikwisha kulisema hilo mwaka 1926 akiwa na visiwa vya Trobriand akilini: kwa wanaoisimulia, hadithi ya asili ni hati ya haki zao, na haki hizo ni za leo.

Kinyaga ilikuwa mbali na mahali hati hiyo ilipotungwa. Kati yake na Nyanza ulikuwepo msitu wa Nyungwe, na watu wake wengi walikuwa wamekuja kutoka huku na kule, wengine kutoka ng'ambo ya mto Rusizi. Catharine Newbury, aliyeandika kitabu kizima juu ya eneo hili na kukichapisha mwaka 1988, anaeleza jinsi mkono wa ikulu ulivyofika kwa uzito wakati wa Kigeli IV Rwabugiri, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Rwabugiri aliutumia ukanda wa Kivu kama uwanja wa kuandalia vita vyake vya magharibi, na mwaka 1895 alifariki akiwa katika safari ya kuishambulia Bushi, ng'ambo ya Kivu.

Miaka sita kabla ya kufa alikuwa amefanya jambo lililowakosesha watu usingizi. Mwaka 1889 alimtawaza mwanawe Rutarindwa kuwa mtawala mwenza, na kwa kuwa mama yake kijana huyo alikwisha kufariki, akampa mama malkia wa kupanga: Kanjogera, wa ukoo wa Abega, aliyekuwa na mtoto wake mwenyewe wa kiume. Mtoto huyo ndiye Musinga. Rwabugiri alitaka masimulizi yamtii yeye. Ulinzi wa mpango wake ukawategemea watu wachache waaminifu, mmoja wao akiwa Bisangwa. Mwaka 1896 jeshi la Rwanda likapigana na askari wa Dola Huru ya Kongo waliopiga kambi Shangi, kaskazini kidogo ya Kamembe. Bunduki zilishinda mikuki na Bisangwa akauawa. Desemba ya mwaka huohuo, huko Rucunshu, Abega wakampindua Rutarindwa, naye akafa ndani ya nyumba iliyoteketea. Mtu anaweza kusema ni njama tu ya ikulu, ya aina iliyoko kila mahali. Sawa. Lakini njama ilipata mlango pale ambapo mwenye nguvu alikwisha kuonyesha kwamba utaratibu unapindika.

Kinyaga yenyewe ilikuwa na masimulizi mengine, na hapa ndipo ninapopenda kukaa. Katika milima iliyo karibu na Nyungwe palikuwa na falme mbili ndogo, Bukunzi na Busozo. Wafalme wake hawakuwa na majeshi ya kutisha. Walikuwa na mvua. Iliaminika wanaweza kuiita na kuizuia, na ikulu ya Nyanza, iliyozimeza falme kubwa kuliko hizo, iliwaacha wajitawale na kupelekeana nao zawadi. Hebu fikiria hesabu ya mkubwa wa Nyanza: kuwavamia wale watu kungempa milima michache, lakini msimu ukikauka nani atalaumiwa? Hadithi ya mvua ilifanya kazi ya ngome, na wanaoitunza walijua thamani yake.

Wabelgiji hawakuogopa ukame wa aina hiyo. Mwaka 1923 Ndagano, mwami wa Bukunzi, alipofariki, utawala wa kikoloni ukapata sababu ya kuingia kwa silaha. Nyirandakunze, mama wa mfalme mpya aliyekuwa bado mdogo, alikataa kujisalimisha na akauawa mwaka 1925. Busozo nayo haikuchelewa kufuata. Falme zote mbili zikawekwa chini ya machifu waliotambuliwa na serikali. Kwa makaratasi, Kinyaga ilikuwa sasa imenyooka.

Mwaka huohuo wa 1925 pigo lilishuka Nyanza pia. Gashamura, mkuu wa Abiru na mwenye dhamana ya sherehe ya umuganura, alihamishiwa Burundi kwa nguvu, na sherehe yenyewe ikapigwa marufuku. Umuganura ulikuwa siku ambayo mavuno ya kwanza yaliletwa, mwami akala mbele ya wakubwa, na uhusiano wa ardhi, mvua na mamlaka ukathibitishwa hadharani. Machifu wakaanza kuwajibika kwa afisa wa Kibelgiji aliyehesabu kodi na siku za shokoa. Tangu hapo, chifu aliyewaonea watu hakuwa na mwiko wa kuogopa. Alikuwa na takwimu za kufikisha. Newbury anaonyesha jinsi kazi ya kulazimishwa ilivyozidi kuwa nzito Kinyaga katika miaka hiyo, na jinsi mzigo huo ulivyowatia watu uchungu wa kisiasa ambao ulilipuka baadaye.

Wabelgiji hawakuzitupa hadithi zote, lakini. Ipo moja waliyoipenda. Inasimulia kwamba Gatwa, Gahutu na Gatutsi walipewa kila mmoja kibuyu cha maziwa akilinde usiku kucha. Mmoja akayanywa, mmoja akayamwaga, mmoja akayatunza. Ilikuwa hadithi ya ikulu, ya kuhalalisha ukubwa wa wakubwa, na mvulana wa Bukunzi hakuwa na sababu ya kuiona ni yake. Wazungu waliiunganisha na nadharia zao za mbari zilizotoka kaskazini, wakawaondoa machifu wa Kihutu waliosalia, na katika miaka ya 1930 wakaandika kila mtu kabila lake kwenye kitambulisho. Hadithi ya kwenye kinywa cha mtambaji huweza kubishiwa au kugeuzwa na mtambaji mwingine. Ile iliyokwisha kuingia kwenye kadi haina wa kuigeuza.

Musinga alikaa Kamembe hadi 1940, alipopelekwa Moba kando ya Ziwa Tanganyika, akafia huko mwaka 1944. Miaka yake ya mwanzo uhamishoni aliishi katika nchi ya chifu Rwagataraka, Mwega, wa ukoo uleule wa mama uliompatia kiti kule Rucunshu. Kama kuna mtunzi wa tamthilia anayetafuta kisa, namkabidhi hiki.

Abiru walirudi kusikika mara moja ya mwisho. Mutara III alifariki ghafla Usumbura Julai 25, 1959, bila mtoto. Siku tatu baadaye, kwenye mazishi huko Mwima, walimtangaza Kigeli V Ndahindurwa mbele ya Gavana Jean-Paul Harroy, ambaye hakuwa ameandaliwa kwa hilo. Haikuchukua muda. Kura ya Septemba 25, 1961, iitwayo Kamarampaka, ikaufuta ufalme. Uwanja wa michezo wa Cyangugu, huko Kinyaga, ukaitwa kwa jina hilo, na mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokusanywa ndani yake walitolewa kwa makundi wakauawa. Mauaji hayo yalipangwa na kuendeshwa na vyombo vya dola, na hadithi iliyokuwa kwenye vitambulisho ndiyo iliyowaambia watu wa vizuizini wamwache nani na wamzuie nani.

Ndiyo maana nawashangaa kidogo washauri wa uongozi wanaofundisha makampuni kutunga hadithi zao, kana kwamba hadithi ni rangi ya ukuta. Wasomi wa fani hiyo wana uangalifu zaidi. Burton Clark, akiandika mwaka 1972 juu ya vyuo vya Marekani, alionyesha kwamba chuo chenye simulizi kali ya asili yake huweza kuwashika watu hata maslahi yao yakiwavuta kwingine. Mwaka 1983 Joanne Martin na wenzake wakagundua kichekesho: kila taasisi hudai haina mfano, na kuthibitisha hilo husimulia visa vilevile wanavyosimulia jirani zake. Kimojawapo ni cha mlinzi wa IBM aliyemzuia mkuu wa kampuni mlangoni kwa kuwa hakuwa na beji sahihi. Mkuu hakukasirika, beji ikaletwa. Kisa hicho hujibu swali ambalo kila mfanyakazi mpya hulibeba moyoni: sheria hii inamgusa na bosi? Abiru walikuwa na jibu la swali hilo, na mto Nyabarongo ulikuwa shahidi.

Hadithi za taasisi za Rusizi ya leo zipimwe kwa swali hilohilo. Ile ya kahawa ni maarufu: misheni ya Mibirizi ilianzishwa mwaka 1903, na mwaka uliofuata wamisionari wakapanda pale miche ya kahawa inayotajwa kuwa ya kwanza nchini. Husimuliwa na wauzaji mpaka leo, na ni ya kweli. Kinachorukwa ni miaka ya 1930, wakulima walipolazimishwa kuipanda. Kila hadithi ya mwanzilishi huwa na mahali inapoharakisha mwendo.

Serikali iliyokuja baada ya 1994 ilirudi kwenye hazina ya zamani kwa makusudi. Mwaka 2006 mikoa 12 ilipunguzwa, Cyangugu ikafutwa kama mkoa, na Wilaya ya Rusizi ikazaliwa ikiwa na sekta 18. Mwaka huohuo mameya wakaanza kutia saini imihigo, yaani viapo vya utendaji, na Rais wa nchi. Hapo kale mpiganaji alisimama mbele ya watu akatamka atakachofanya, na akirudi mikono mitupu aibu ilikuwa yake. Sasa ni mkataba wa utendaji: barabara kadhaa, kaya kadhaa zenye bima ya afya, hekta kadhaa za zao lililochaguliwa, na wilaya zimekuwa zikipangwa kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Itorero, mafunzo ya vijana wa ikulu, lilifufuliwa mwaka 2007. Umuganura nao umerudi, ukisherehekewa Ijumaa ya kwanza ya Agosti.

Sikubaliani na wanaosema haya ni maigizo tu. Meya anayejua ahadi zake zitasomwa kwenye televisheni huamka mapema. Mfumo huu umeleta uwajibikaji ambao nchi nyingi jirani zinautamani. Hata hivyo watafiti waliokaa vijijini wameona kwamba shabaha nyingi huteremka kutoka juu, mpaka kwenye daftari la imihigo la kaya, ambapo mkulima wa bonde la Bugarama, hukohuko Rusizi, huapa kutimiza jambo ambalo hakulitunga. Wanyarwanda wenyewe wana neno la mtaani kwa takwimu zilizopikwa ili wilaya isishike mkia: gutekinika. Mpiganaji wa zamani alijitamkia mwenyewe, na waliomsikiliza walikuwa wamekuwepo vitani wakaona.

Nyanza ya zamani ilikuwa na mwiru wa kumkumbusha mwami mwiko wake. Kinyaga ilikuwa na mfalme mdogo wa mvua ambaye ikulu ililazimika kumbembeleza. Katika utaratibu wa imihigo, ahadi hupanda kutoka kwenye kaya hadi kwa meya na kutoka kwa meya hadi kwa Rais, na tathmini hushuka kwa njia ileile. Nafasi ya mtu wa chini kusema shabaha hii haiwezekani, mvua ya mwaka huu hairuhusu, bado haijapata safu yake katika daftari.