Kasino Haijawahi Kuogopa Mbinu Yako

Kila nikipost kitu kuhusu pesa, swali hili haliwezi kosa: "Mbinu gani inafanya kazi kwa ruleti?" Mimi jibu nimelitafuta kwa historia. Watu wamejaribu kulichapa hilo gurudumu kwa zaidi ya miaka 200, so matokeo tayari tunayo.

Tuanze na Mfaransa mmoja, François Blanc. Yeye na ndugu yake pacha, Louis, walikuwa na kasino Homburg, Ujerumani ya leo. Siku hizo gurudumu lilikuwa na sifuri mbili. Mwaka 1843 wakaondoa moja. Yaani walijipunguzia faida wenyewe, makusudi, na wateja wakamiminika.

Hawakuwa wajinga. Piga hesabu: gurudumu la sifuri moja lina nafasi 37. Weka sh 100 kwa kila nafasi, umetumia sh 3,700. Lazima moja ishinde. Unalipwa 3,500 na ile mia yako inarudi, jumla 3,600. Umeshika kila namba na bado umepoteza mia. Hiyo ni asilimia 2.7, na inakatwa polepole hata ucheze na akili ama na maombi. Kwa gurudumu la Kimarekani lenye sifuri mbili, inakuwa asilimia 5.26. Kwa hivyo tip ya kweli ni hii: ukiona sifuri mbili, usikae hapo.

Mwaka 1863 Blanc akachukua kasino ya Monte Carlo. Kufikia 1869 pesa ilikuwa imeingia vizuri hadi mtawala wa Monaco akawaondolea watu wake kodi za moja kwa moja. Na raia wa Monaco? Wamekatazwa kucheza ndani ya kasino hiyo. Hebu fikiria hapo kidogo. Jina Blanc linamaanisha "nyeupe", na watu walikuwa wakitania kwamba mara nyekundu inashinda, mara nyeusi, lakini Nyeupe inashinda kila siku.

Sasa ile mbinu mnaniletea sana ni ya kudabo: ukipoteza mia, weka mia mbili, halafu mia nne, mpaka ushinde. Inaitwa martingale, na ni ya zamani kuliko kasino ya Blanc. Anza na sh 100, upoteze mara 10 mfululizo. Umeshaacha sh 102,300 mezani, na dau linalofuata ni 102,400. Yote hiyo ndio upate faida ya mia moja. Na kabla ufike hapo, meza ina kiwango cha juu cha dau.

Utaniambia kupoteza mara kumi haiwezekani. Tarehe 18 Agosti 1913, hapo hapo Monte Carlo, nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo. Watu walirundika pesa kwa nyekundu wakisema sasa ni zamu yake. Wakapoteza mamilioni ya faranga. Kigololi hakikumbuki kilichotoka mwisho, na hakina deni na mtu.

Lakini si kuna walioshinda? Wapo. Mwishoni mwa karne ya 19, Mwingereza Joseph Jagger, mtu wa viwanda vya nguo, aliweka watu wa kuandika namba zinazotoka Monte Carlo. Akagundua gurudumu moja limepinda kidogo, namba kadhaa zinatoka kupita kiasi. Akavuna. Kasino ilipong'amua, ikabadilisha magurudumu. Mwaka 1961 Wamarekani wawili, Edward Thorp na Claude Shannon, waliingia Las Vegas na kompyuta ndogo waliyoficha mwilini, ya kukisia kigololi kitaangukia upande gani. Mwaka 1985 jimbo la Nevada likapiga marufuku vifaa kama hivyo.

Angalia vizuri. Hawa hawakuwa na mpangilio wa madau. Walisoma mashine yenyewe. Na kila mlango walioupata ulifungwa. Lakini martingale? Hakuna anayekufukuza ukiitumia. Kasino nyingi hata zinakupea karatasi uandike namba zilizopita. Maoni yangu ni haya: mbinu ambayo kasino inakuachia uitumie ni mbinu isiyoisumbua.

Ndio maana naongea, kwa sababu hapa kwetu ruleti imehamia kwa simu. Ukitoka kwa gurudumu unaingia kwa ile ndege inayopaa na kupotea, na kuna vijana wanauza "signals" zake kwa Telegram, mia tatu, mia tano. Huko hakuna hata gurudumu la kukagua kwa macho. Ni programu, na iko kwa mtu mwingine.

Najua kuna msee wa mtaa alishinda elfu hamsini, na sibishi. Mwaka 1891 Charles Wells alishinda sana Monte Carlo hadi pesa za meza zikaisha. Magazeti yakamtangaza, na wateja wengine wakaja mbio. Baadaye akapoteza, na mwishowe akafungwa Uingereza kwa utapeli.

Kama lazima ucheze, na umefikisha 18, hesabu hiyo pesa kama tikiti ya sinema: imeenda ulipoitoa mfukoni. Rent na fees zisikaribie hiyo meza. Na yule anayekuuzia signal, muulize tu swali moja: kama inafanya kazi, mbona anahitaji mia tatu yako?