Mgeni wa Kutwa na Ufukwe Usio na Mwenyeji: Ukarimu na Taka katika Pwani ya Mombasa

Kila sikukuu inapopita, ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta ulioko Bamburi, Mombasa, ambao wengi huuita Pirates, hubaki umetapakaa chupa za maji, mirija, karatasi za biskuti na mabaki ya chakula. Lawama hazikawii, na karibu zote huelekezwa upande mmoja: wageni wa kutwa hawana adabu. Wenye hoteli huongeza kwamba mgeni wa aina hiyo halali mjini wala hali mkahawani, hivyo hauachii mji chochote isipokuwa uchafu. Maelezo haya huvutia kwa wepesi wake, lakini hayatoshi. Ukarimu una pande mbili, na hali ya mchanga baada ya Idd au Krismasi hutokana zaidi na kukosekana kwa mwenyeji kuliko ubaya wa mgeni. Pirates haikosi wageni. Inakosa mtu au taasisi inayoweza kusema kwa yakini kwamba hapa ni kwake.

Maadili ya Waswahili kuhusu ugeni hupima wajibu kwa muda. Methali humpa mgeni siku mbili za kustareheshwa, na siku ya tatu humkabidhi jembe: anayeendelea kula sharti aanze kuchangia kazi. Mgeni wa kutwa haifikii siku hiyo ya tatu. Kila ajapo yumo katika siku yake ya kwanza, na atakayekuja kesho vilevile, hivyo mzigo wote wa kuitunza nyumba humrudia mwenyeji. Tena, ni nani hasa anayeitwa mgeni hapa? Zipo familia na mabasi ya shule kutoka bara, hasa Agosti na Desemba, lakini wengi katika umati wa sikukuu hutoka Kisauni, Mishomoroni, Likoni na Changamwe. Hawa ni watu wa Mombasa. Wamegeuka wageni katika mji wao kwa sababu sehemu kubwa ya ukingo wa pwani, kuanzia Nyali hadi Shanzu, imezibwa na kuta za hoteli na majumba ya watu binafsi, na njia za kushukia baharini ni chache. Umma unaposukumwa kwenye kipande kimoja cha mchanga, kipande hicho kitachafuka hata kama kila mmoja ataacha kidogo tu.

Sheria nayo imeigawa nyumba hii vyumba bila kumtaja mwenye nyumba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 62, inaihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama za maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma, ikishikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo linazipa kaunti kazi ya kuzoa taka. Majini kuna hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyo chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Chupa ikitupwa juu ya ukingo ni ya kaunti. Ikiviringika hadi chini, imelala juu ya ardhi ya taifa. Maji yakiibeba, imeingia hifadhini. Kila mamlaka inaweza kusema bila uongo kwamba sehemu fulani si yake. Tangu Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumika mara moja katika maeneo ya hifadhi, lakini marufuku huhitaji mlango, na mlango huhitaji bawabu.

Mwenyeji wa kweli huijua nyumba yake, na ufukwe huendeshwa na mwezi. Idd-el-Fitri huja mwezi unapoandama, wakati wa maji bamvu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa Mombasa hukaribia mita 4. Siku hizo bahari hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja alasiri, umati ukiwa umesongamana kwenye mchanga mwembamba uliobaki, kisha hupwa usiku na kujaa tena kabla ya mapambazuko. Kilichoachwa magharibi hakimngojei mfagiaji wa asubuhi, kwa kuwa maji ya alfajiri yamekwisha kukichukua na mkondo umekisambaza pwani. Miezi ya kusi huzidisha ugumu, maana mawimbi huleta marundo ya mwani na majani ya bahari ambamo mirija na vizibo hujificha. Ukizoa yote kwa pamoja unaondoa majani yanayosaidia kushika mchanga. Ukiyaacha unaacha na plastiki. Kufagia kabla ya usiku wa manane, kwa kufuata jedwali la maji, kungefaa kuliko kampeni nyingi za kusafisha zinazofanywa mchana mbele ya kamera.

Wapo watakaoshikilia kwamba mtu mwenye adabu hubeba taka zake. Ni kweli, na mafunzo yaendelee. Lakini tazama dafu linavyouzwa. Likishanywewa, ganda lake hurudi kando ya mkokoteni, kwa sababu muuzaji yupo palepale na rundo ni lake. Mrija wa plastiki wa mnywaji huyohuyo huishia mchangani. Adabu ya mnywaji ni moja, kinachotofautiana ni kuwapo kwa mtu wa kupokea. Wengine hupendekeza kiingilio, wakitaja Venice, iliyoanza Aprili 2024 kuwatoza wageni wa kutwa euro 5 katika siku maalumu. Wanasahau kwamba Venice imewasamehe wakazi wa jimbo lake la Veneto. Bamburi, tozo ingemwangukia mama wa Kisauni kwa kipande kidogo cha bahari alichoachiwa, na aliyelipa mlangoni angejiona amenunua haki ya kufagiliwa. Nazo hoteli zitasema kwamba tayari zinatozwa ushuru wa utalii wa asilimia 2. Ikiwa ni hivyo, fedha zipo. Hazijapata njia ya kurudi ufukweni, ambako hoteli hizohizo huuza mandhari.

Linalohitajika ni msimamizi mmoja, mwenye mamlaka juu ya ukingo, mchanga na maji ya kina kifupi, atakayegharimiwa na sehemu ya ushuru huo. Leseni ya kila mchuuzi iwe na sharti la kupokea tena chupa na vyombo alivyouza, kwa amana ndogo anayorudishiwa mnunuzi. Yakiwapo haya, faini kwa mchafuzi itakuwa ya haki, kwa sababu masharti yatajulikana na mwenye nyumba ataonekana. Kwa sasa Mombasa inadai heshima ya mwenyeji bila kubeba kazi yake.