Rekodi za kielektroniki za wagonjwa

Rekodi za kielektroniki za wagonjwa ni kumbukumbu za matibabu zinazohifadhiwa kwenye kompyuta badala ya majalada ya karatasi. Afrika Mashariki, mfano wa awali unaojulikana ni mfumo wa kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Kenya, ulioanza kutumika mwaka 2001. Uzoefu wake ulichangia kuundwa kwa programu huria ya OpenMRS mwaka 2004.

Nchini Tanzania, vituo vilitegemea rejista za karatasi za MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya), zilizosambazwa miaka ya 1990. Baadaye serikali ilianzisha GoTHOMIS, mfumo unaounganisha mapokezi, malipo, maabara na famasi, huku takwimu za jumla zikikusanywa kupitia programu ya DHIS2. Kwa mgonjwa wa Kwihara anayepewa rufaa kwenda Hospitali ya Kitete, Tabora, faida ya mifumo inayosomana ni daktari kuona vipimo na dawa za awali bila kurudia vipimo. Vikwazo vikuu ni umeme, mtandao, vifaa na mafunzo. Kuhusu faragha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti.