Nani Mwenye Anga ya Kibo?

Januari 1930 Walter Mittelholzer, rubani wa Uswisi na mpiga picha hodari, alipitisha ndege yake juu ya Kibo, kwenye kilele cha mita 5,895, akapiga picha za shimo la volkano na barafu yake. Sidhani kama kuna aliyewauliza watu wa Machame au Marangu iwapo walipenda kutazamwa kutoka juu.

Hayo huyafikiri kila ninapomwona mpwa wangu na bahasha yake ya karatasi. Anataka kurusha droni kibiashara: harusi, mashamba ya kahawa, upimaji wa viwanja. Kwa kanuni za mwaka 2018, chombo husajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, Wizara ya Ulinzi nayo ina neno lake, na kule hifadhini Kilimanjaro kuna kibali kingine. Kidude chenyewe hakimfikii kuku kwa uzito!

Vijana hudhani amri hizi ni za juzi. Kumbe Ibara ya 8 ya Mkataba wa Chicago, wa Desemba 1944, ilikwisha kukataza chombo kisicho na rubani kuruka juu ya nchi bila idhini yake maalumu. Miezi michache kabla, London ilikuwa imepigwa na mabomu ya Wajerumani yaliyoruka bila mtu ndani. Hofu ya dola siilaumu; tangu 1971 ndege kubwa zinatua KIA, karibu nasi.

Lakini ipo faida. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupigwa ramani kwa droni, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakafundishwa kuzirusha. Kwetu uchagani kazi kama hiyo ni ngumu zaidi. Mpaka wa kihamba ni mstari wa masale, na masale yamejificha chini ya migomba. Tena picha ya leo haiwezi kuonyesha isale lililong'olewa usiku wa mwaka jana, jambo ambalo limezifikisha koo nyingi barazani.

Ndugu wawili wa ukoo wetu, wasiosalimiana, wamekubaliana kwa hili moja tu: kihamba cha baba yao kipigwe picha kabla mmoja wao hajafa. Mpwa wangu amewajibu wangoje. Hajamaliza mafunzo, na bila leseni harushi.