Elwood Jensen na Kipokezi cha Estrojeni

Elwood Jensen, mkemia wa Marekani aliyezaliwa Fargo, Dakota Kaskazini, mwaka 1920, ndiye aliyegundua jinsi seli inavyoitambua homoni ya estrojeni. Ugunduzi huo uliwapa madaktari kipimo walichokikosa kwa miongo mingi katika kutibu saratani ya matiti.

Uhusiano wa saratani hiyo na homoni ulijulikana zamani. Mwaka 1896 daktari mpasuaji George Beatson wa Glasgow alieleza jinsi uvimbe wa titi ulivyonywea baada ya mgonjwa kuondolewa ovari. Katika karne ya 20 Charles Huggins wa Chuo Kikuu cha Chicago alifika hadi kuondoa tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, ili kuzuia homoni isizalishwe. Lakini waliopata nafuu walikuwa takribani mmoja kati ya watatu. Waliobaki walipasuliwa bure, na hapakuwa na njia ya kuwatambua mapema.

Jensen alifika Chicago kufanya kazi na Huggins mwaka 1947. Enzi hizo wataalamu wengi waliamini kuwa estrojeni hufanya kazi kwa kubadilishwa kikemia na vimeng'enya. Wenzake walichunguza homoni huifanyia nini seli. Yeye akachunguza seli huifanyia nini homoni. Pamoja na Herbert Jacobson alitengeneza estradioli, aina ya estrojeni, yenye haidrojeni nururishi, inayoweza kupimwa hata ikiwa kidogo mno, akawadunga panya jike wasiopevuka. Katika damu na misuli homoni ilipungua haraka. Mji wa mimba uliishikilia kwa saa kadhaa, nayo ikabaki ilivyo, bila badiliko lolote la kikemia. Ilidhihirika kwamba tishu hiyo ina kitu kinachoinasa estrojeni: protini iliyokuja kuitwa kipokezi. Alipoyawasilisha matokeo hayo Vienna mwaka 1958, wasikilizaji walikuwa wa kuhesabika.

Utafiti wa miaka ya 1960 ulionyesha kuwa kipokezi kikishaishika homoni huamsha jeni ndani ya kiini cha seli. Jensen akarudi kwa wagonjwa. Kwa kupima vipande vya uvimbe, aligundua kuwa wenye vipokezi vingi ndio walionufaika kwa kuondolewa tezi. Wasio navyo hawakunufaika ila kwa nadra. Baadaye, akiwa na Geoffrey Greene, alitengeneza kingamwili zilizorahisisha kipimo hicho. Tamoksifeni, dawa iliyobuniwa Uingereza na kuidhinishwa Marekani mwaka 1977, huziba kipokezi hichohicho, na imewaepusha wanawake wengi na upasuaji wa tezi.

Mwaka 2004 Jensen alipewa Tuzo ya Lasker pamoja na Pierre Chambon na Ronald Evans. Alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 92. Saratani nyingi za matiti zina vipokezi vya estrojeni, na kuvipima ni hatua ya kawaida kabla ya kuchagua dawa.