Kisu cha Ndizi na Nyundo ya Bweranyange

Siku moja sokoni Omurushaka, wilayani Karagwe, nilikuta bwana mmoja akibishana na mchuuzi wa visu. Mkononi alikuwa na kipande cha sumaku alichokitoa kwenye spika ya redio mbovu. Kila kisu alichokigusa kilinasa. "Unatuuzia bandia," alisema. "Kisu kisichoshika kutu hakinaswi na sumaku!" Mchuuzi akakosa la kujibu, na watu wakacheka.

Nami nilicheka. Baadaye niligundua kwamba tulicheka bure.

Huku Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, kisu si jambo dogo. Chakula chetu ni ndizi, na ndizi lazima imenywe. Kisu cha chuma cha kawaida kikikutana na utomvu wake hugeuka cheusi, na ndizi nayo huchafuka. Ndiyo maana akina mama hupenda kisu kinachong'aa. Lakini kung'aa pekee hakumenyi ndizi. Kisu sharti kiwe na makali, tena makali yanayodumu.

Hapo ndipo lilipo kosa la bwana yule. Vyuma visivyoshika kutu si aina moja. Kile cha sufuria na masinki mengi kina nikeli ndani yake, na kwa kawaida sumaku hukikataa. Ni kizuri kwa mchuzi, lakini hakikazwi kwa moto, kwa hiyo hakishiki makali. Chuma cha visu, mikasi ya hospitali na vyembe ni cha ukoo mwingine, uitwao martensiti kwa heshima ya Mjerumani Adolf Martens. Huo hunaswa na sumaku. Sumaku ikinasa haithibitishi kwamba kisu ni kizuri, maana hata msumari hunaswa. Lakini pia haithibitishi kwamba ni bandia.

Siri yake ni moto na kupoa. Chuma chenye kaboni kikipashwa hadi kiwe chekundu kabisa, kisha kikapozwa ghafla, kaboni hunaswa ndani kabla haijapata nafasi ya kutoka, na chuma huwa kigumu mno. Kikiachwa hivyo huvunjika kama kigae, kwa hiyo hupashwa tena kidogo ili kilegee kiasi. Kazi ya kromi ni nyingine: hufanya ngozi nyembamba isiyoonekana, inayozuia kutu. Aina iitwayo 410 ina kaboni kidogo, nayo hutengenezewa valvu na mihimili ya pampu. Aina ya 420 ina kaboni zaidi, ndiyo ya visu vingi vya jikoni. Ile ya 440C ina kaboni karibu asilimia 1 na kromi asilimia 16 hadi 18. Ni ngumu kuliko zote hizo, na hutumika hata kwenye beringi.

Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, aliyeyusha chuma cha namna hii mwaka 1913, chenye kromi asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24. Alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki. Wafua visu wa mji wake walimdhihaki kwamba amevumbua visu visivyokata, mpaka walipojifunza namna ya kukikaza kwa moto.

Na sisi je, tulikuwa wapi? Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika mwaka 1861, walifika katika ufalme uliokijua chuma. Pale Bweranyange, makao ya wafalme, nyundo za chuma zilikuwa miongoni mwa alama za utawala, pamoja na mikuki na ng'ombe wadogo wa chuma. Simulizi humtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa mfalme aliyeshika nyundo mwenyewe. Na kwa jirani zetu wa Buhaya, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee wajenge tena tanuru la kale. Mwaka 1978 waliandika kwamba mafundi wa huko walikuwa wakitoa chuma chenye kaboni zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Kromi hawakuwa nayo. Lakini moto, kaboni na subira walikuwa navyo.

Kisha vikaja vyuma vya dukani, na matanuru yakazimika. Wazee walikufa na ujuzi wao, maana hakuna aliyeuandika kama somo. Leo tunanunua kisu tusichojua kilivyotengenezwa, na tunabishana kwa sumaku ya redio.

Hata hivyo mhunzi bado yupo. Anachukua springi ya gari kuukuu, anaipasha, anaifua panga, anaitumbukiza majini. Ndani ya mvuke ule martensiti inazaliwa, ingawa hajawahi kulisikia jina hilo. Kijana wetu anayesoma ufundi angekaa naye siku mbili, mmoja akaeleza jina na mwingine akaonyesha mkono, wote wawili wangefaidika. Tusingoje mhunzi huyu naye azikwe ndipo tuanze kumtafuta.

Na kisu chako kinachong'aa, mama, kioshe na ukikaushe. Ukoo huu wa chuma huchelewa kushika kutu, lakini ukiulaza kwenye maji ya chumvi au ndimu, utashika.

Tukutane juma lijalo.